Mchonga nyuso wa Chongwu na uso usiokubali kukuzwa

Saa mbili asubuhi misumeno ya mawe imekwisha kuanza kulia mjini Chongwu, pwani ya kusini-mashariki mwa China, na Jiang Yuekuan ameziba masikio kwa pamba. Ameinamia bamba la jiwe jeusi lililosuguliwa hadi likang'aa. Mkononi ana kijiti cha chuma chenye ncha kali. Anagonga, kitone cheupe kinatokea. Anagonga tena.

Mpaka chai ya kwanza inapomiminwa, bamba limepata nyusi moja. Ni nyusi ya mfanyabiashara wa chai aliyefariki mwezi uliopita, na watoto wake wanataka uso wake ukae kwenye jiwe la kaburi.

"Huyu alikuwa mkali," anasema bila kuinua kichwa. "Hata nyusi yake hainipi nafasi ya kupumua."

Yuekuan ana miaka 47. Kazi hii, ambayo hapa huitwa kuchonga kivuli, aliianza akiwa na miaka 16. Wanaume wa wilaya hii ya Hui'an huchonga simba na nguzo za mahekalu, na ndio wanaopigwa picha. Wanawake hugonga vitone. Anapata kama yuan elfu tano kwa mwezi, na mgongo uliopinda ni nyongeza asiyoiomba.

Katika kazi hii hakuna mstari hata mmoja. Jiwe ni jeusi na kila pigo huacha alama nyeupe. Vitone vikisongamana panakuwa na mwanga, vikiachana panakuwa na giza. Ukirudi nyuma kidogo vitone vinapotea machoni, unamwona mtu.

Siku hizi amepewa kompyuta pia, kwa sababu majina ya marehemu hayagongwi kwa mkono. Huchorwa kwenye kioo cha kompyuta, mashine hukata karatasi ya mpira kwa kufuata ukingo wa kila herufi, karatasi hubandikwa kwenye jiwe, halafu jiwe hupulizwa mchanga unaochimba palipoachwa wazi. Kwa hiyo mama huyu anaishi katika dunia mbili, na anazijua zote kwa ubaya wake.

"Jina sina shida nalo," anasema. "Nitalitaka dogo la kuingia kwenye muhuri, nitalitaka kubwa la kukaa juu ya lango la hekalu, faili ni lile lile. Kompyuta haitunzi herufi yenyewe, inatunza maelekezo. Anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Ukiitaka kubwa inapiga hesabu upya, na ukingo unabaki mkali kama kisu."

Wataalamu huuita mchoro wa namna hiyo vekta. Karakana nzima husema tu "mistari".

Na uso? Hapo anaweka kijiti chini.

"Uso ni vitone. Hata kwenye kompyuta ni vitone, kila kimoja na mahali pake na rangi yake, basi." Aina hii wataalamu huiita rasta. "Umewahi kuona ufuta juu ya mkate? Ukilivuta donge liwe pana, ufuta hauongezeki. Unaachana tu. Picha ndogo ukiikuza, vitone vinavimba, lakini habari mpya hakuna."

Angeyasema hayo kama mtu anayesema habari za kazini, kama si jiwe moja lililoegemezwa nyuma ya mtungi wa hewa, limegeuziwa ukuta. Lina miezi miwili pale. Wenzake hulizunguka wakipita. Upande usioonekana limechongwa nusu ya uso, na lilikusudiwa kaburi la mama yake.

Mama yake, Zhang Caiyun, alifariki mwaka 1978 kwa homa, wiki chache baada ya kumzaa Yuekuan. Alikuwa na miaka 23. Amezikwa juu ya kilima ambacho sasa kinapitiwa na barabara mpya, na familia zote zimeambiwa zihamishe makaburi yao kabla ya siku ya kufagia makaburi, mwezi wa nne. Kaburi jipya lina jiwe jipya, na kila jiwe jipya lina nafasi ya uso.

"Nimewachongea watu nyuso miaka thelathini," anasema Yuekuan. "Maadui nimewachonga, wakopaji wabaya nimewachonga, mpaka mbwa wa bosi nimemchonga. Mama yangu sijawahi. Simjui alivyokuwa. Nikipita mbele ya kioo huwa nasimama, najiuliza, hapa ni yeye au ni baba?"

Msomaji atauliza, kwani baba yake yuko wapi? Yupo. Jiang Tiansong ana miaka 73, ni mchonga mawe mstaafu, na kila siku huja karakanani kunywa chai ya bure na kuwakosoa vijana. Tatizo ni kwamba naye uso wa mkewe haujui.

Wasiotoka pwani hii hucheka wakiambiwa hivyo. Kwa desturi ya zamani ya Hui'an, bibi harusi hulala kwa mume siku tatu kisha hurudi kwa wazazi wake, akaishi huko na kufanya kazi huko. Kwa mume huja sikukuu chache za mwaka, huingia giza limeshatanda, ushungi umemshuka mpaka kwenye nyusi, taa huzimwa, na kabla jogoo hajawika ameshaondoka. Atahamia tu akikaribia kujifungua. Aliyeonekana kumpenda mumewe waziwazi, wenzake walimcheka mpaka akome.

Tiansong na Caiyun waliishi hivyo miaka minne. Alipohamia na tumbo lake, mume alikuwa ametumwa na kikosi cha wachonga mawe kujenga daraja jimbo la mbali. Aliporudi alikuta kaburi na mtoto.

"Ukiniuliza sauti yake, nitakwambia," anasema mzee, akizungusha kikombe kidogo cha chai. "Ukiniuliza alivyokuwa akikohoa, nitakohoa hapa umsikie. Ukiniuliza uso, naona ushungi. Mara moja nilimsalimia sokoni kwa furaha zote, kumbe ni mke wa muuza kabichi. Nilitukanwa mpaka na kabichi zenyewe."

Anacheka, na karakana yote inacheka naye. Kisha anaacha kucheka kabla ya wengine.

Picha iko moja tu. Ilipigwa wakati wa baridi mwaka 1976, ikionyesha kikosi cha wanawake waliokuwa wakichimba mfereji, safu tatu, wote na kofia za mianzi na ushungi wa maua, wote na mizegazega, miti ya kubebea mawe, mabegani. Ilitundikwa ofisi ya kijiji mpaka mchwa wakaila. Kilichobaki ni nakala ambayo binamu mmoja aliipiga kwa simu yake mwaka 2008, na simu za mwaka huo zinajulikana.

Binamu alimwomba Tiansong amwonyeshe mkewe. Mzee aliivuta simu machoni, akasita, akamnyooshea kidole mwanamke wa safu ya mbele aliyesimama wima na kutazama mbele. Uso ule ukakatwa, ukakuzwa ukubwa wa kitabu, ukatiwa fremu na kuwekwa juu ya meza ya wahenga. Ulikuwa ukungu mtupu wa miraba ya kijivu. Ila mume akisema huyu ndiye, nani ambishie?

Kwa miaka zaidi ya kumi na tano ukungu ule umefukiziwa udi na kuandaliwa machungwa.

Mwaka jana, habari za barabara zilipofika, Yuekuan aliamua kuuchonga. Aliipata kutoka kwa binamu picha nzima, si kile kipande, akaanza na mwanamke yule wa mbele. Alikwisha kuchonga paji la uso na jicho moja alipogundua kwamba hajui sikio liweje chini ya ushungi. Akampigia simu mama yake mdogo, Zhang Bilian, mwenye miaka 67, aliyeolewa kijiji kingine cha pwani. Bilian akaja na kapu la chaza, akavaa miwani, akaitazama picha nzima kwenye kompyuta.

"Huyu mnayemchonga ni nani?" aliuliza.

"Si mama?"

"Mama yako nini! Huyu ni mimi!"

Wafanyakazi wanasema misumeno ilizimwa yote. Bilian alitema mate chini mara tatu kufukuza mkosi, kisha akamgeukia shemeji yake.

"Shemeji, wewe ni mtu wa aina gani? Umenifukizia udi miaka yote hii nami niko hai, nakula na kulala! Ndiyo maana magoti hayaishi kuniuma!"

"Sasa shemeji, mbona ulikuwa unakuja nyumbani, unaiona picha, husemi?"

"Niseme nini? Lile si uso, ni uji! Nilijua ni dada kwa kuwa mliniambia ni dada!"

Mtu ashindwe kujitambua kwenye picha yake mwenyewe. Hicho ndicho vitone vinachofanya vikivimbishwa kuliko uwezo wao, na Yuekuan, aliyewaeleza wateja jambo hilo miaka na miaka, alikuwa amelisahau nyumbani kwake.

Siku ile jiwe liligeuzwa ukutani, maana uso wa mtu aliye hai haukai wazi penye mawe ya makaburi. Bilian alikubali kumwonyesha Caiyun mwenyewe. Alimtambua kwa mkufu mpana wa fedha kiunoni na kwa mzegazega, kwa kuwa dada hao wawili walizoea kubeba mzigo kwa mti mmoja, na ncha ya pili ilikuwa begani kwake. Yumo safu ya mbele pia, mwishoni kabisa. Hatazami kamera. Amegeuza kichwa upande, na kwa kuwa aligeuka wakati huohuo picha ikipigwa, uso wake umefifia. Kutoka ukingo wa ushungi hadi pua kuna vitone kumi na vitatu.

"Kumi na vitatu," anasema Yuekuan. "Nyusi ya yule mzee wa chai ina mia na ushee."

Bosi wa karakana, Cai Zhiyong, kijana wa miaka 38 mwenye moyo mwema na simu mpya, alijitolea kusaidia. Aliingiza uso ule kwenye programu inayosafisha picha za zamani. Baada ya muda mfupi alirudi na mwanamke mzuri ajabu, ngozi laini, macho ya kutosha watu wawili.

"Da Yuekuan, mama huyu hapa! Ona alivyo mrembo!"

"Huyu ni nani?"

"Si mama yako?"

"Zhiyong, mdogo wangu, huyu hajawahi kubeba hata ndoo ya maji."

Bosi hakukata tamaa. Akamwambia basi auchore kwa mistari, kama anavyochora herufi, kwani mistari haichakai. Ukimaliza unaukuza upendavyo, hata ukitaka ujaze ukuta. Yuekuan alilipokea wazo hilo kwa moyo wote. Siku kadhaa alikaa mbele ya kioo cha kompyuta, akiweka nukta ya kuanzia, akipinda mstari wa shavu, akiushusha kwenye kidevu. Ulitoka uso safi, na alipoukuza ukabaki safi.

"Nikaufurahia sana. Nikamwita baba. Baba akaangalia, akaniangalia mimi, akaangalia tena. Akasema, mwanangu, umejichora."

Anasimulia huku akisugua vidole, kisha anasema kwa sauti ya chini kidogo, "Mstari ni uamuzi. Kompyuta inataka uiambie kidevu kinaishia wapi. Mimi sijui kinaishia wapi. Vile vitone havisemi. Kila mahali ambapo sikujua, nilijaza mimi. Faili likifutwa leo, mama hapungukiwi kitu, kwa sababu hakuwemo."

Alilifuta. Usiku wa siku ile, anasema, alilia kama mtu aliyefiwa jana.

Basi shida yake ndiyo hiyo, na wiki za kabla ya siku ya kufagia makaburi zinaisha. Mistari inampa uso mkubwa ambao si wa mama. Vitone vinampa mama, lakini wa ukubwa wa ukucha. Na nafasi ya uso kwenye jiwe jipya ni pana kama sahani ya wali.

Asubuhi hii, nyusi ya mfanyabiashara wa chai ikiwa imepumzishwa, Yuekuan anatoa kipande kidogo cha jiwe kilichofungwa kwenye kitambaa. Ameukubali uso kwa kipimo chake. Hakuukuza na hakuusafisha. Vitone vyote vipo kama vilivyo kwenye picha, hata vile vilivyofifia kwa sababu kichwa kilikuwa kikigeuka. Anasema hili ni jaribio tu. Baba yake hajaliona. Bilian naye amekuja, na kapu jingine la chaza.

"Baba, usicheke," anasema.

"Kwani nacheka?"

"Watu watasema jiwe kubwa namna hii, uso kama punje ya karanga."

"Watu hawakuwahi kunyamaza. Lete."

Mzee anakichukua kipande, anatoka nacho uani palipo na jua. Anakisogeza karibu na macho mpaka pua inakaribia kuligusa jiwe. Anakisogeza mbali, anakirudisha. Kijiti cha chuma hakigongi, na hata Zhiyong ameweka simu mfukoni.

"Ni yeye?" anauliza Yuekuan.

"Nitajuaje mimi?" mzee anajibu. Halafu anamgeukia shemeji yake. "Bilian, mbona amegeuka? Wote mmetazama mbele, yeye anatazama nini?"

Bilian anahesabu chaza wake kama vile hakusikia. Shemeji yake anauliza tena.

"Kwani hukumbuki?" anasema hatimaye. "Hukumbuki kabisa? Nyinyi wachonga mawe mlikuwa mnapita barabarani, na mikokoteni. Sisi tukaanza kumchokoza dada, mumeo yule, mumeo yule. Mpiga picha anapiga kelele tutulie, yeye akageuka. Alikuwa anakutazama wewe."

Mzee anakiinamia tena kile kipande.

"Ukapita hapo na kidevu juu kama jogoo," Bilian anaendelea. "Ukatutazama wote, safu nzima. Ukapita."

"Kwa nini hakuniita?"

"Amwite mume mchana, mbele ya watu? Wee! Tungemla nyama. Ningekuwa mimi wa kwanza."

"Angeniita," anasema mzee. "Angeniita tu."

Anajitahidi kuikumbuka siku ile, mtu anaona kwamba anajitahidi. Barabara anaikumbuka, mikokoteni anaikumbuka, na kwamba kulikuwa na wanawake wengi wenye kofia. Zaidi ya hapo hapati. Analisema waziwazi, kwamba hakuna siku katika maisha yake anayoitamani kama hiyo moja aliyokuwa nayo mkononi akaiacha ipite, na machozi yanamtoka mbele ya vijana anaowakosoa kila siku. Hakuna anayecheka.

Yuekuan anamshika bega baba yake, na wao wawili wanakiinamia tena kile kipande cha jiwe. Ili kumwona Caiyun, lazima vichwa vyao vigusane.

Uamuzi unafikiwa hapo hapo uani, bila majadiliano marefu. Jina la Zhang Caiyun litakatwa kwa mistari, herufi kubwa za kuonekana kutoka barabarani. Uso utagongwa katikati ya ile nafasi pana, ukubwa wa ukucha, vitone kumi na vitatu kutoka ukingo wa ushungi hadi pua, ukiwa umegeuka. Jiwe linalobaki litaachwa jeusi.

Zhiyong anaona ni kupoteza nafasi, na anasema hivyo. Bilian anamwambia akanywe chai.

Jiwe la mke na mume huwa ni moja, na jina la aliye hai huachwa na rangi nyekundu mpaka siku yake ifike. Kwa hiyo upande wa pili unamsubiri Tiansong. Picha yake ipo, alipigwa mwaka jana studio kwa ajili ya kitambulisho, kubwa, safi, kila mkunjo unaonekana. Yuekuan anasema ingejaza ile nafasi pana vizuri, na wateja wangeisifu.

Mzee anatikisa kichwa. Anataka ukubwa wa mkewe, si zaidi.

"Hilo linawezekana," anasema Yuekuan, akikirudisha kipande kwenye kitambaa. "Vitone havikubali kukuzwa, lakini kupunguzwa vinakubali. Nitaishusha picha ya baba, nitaishusha, mpaka naye awe na vitone kumi na vitatu. Nitamwomba Zhiyong ampige nyingine kesho, aliyopiga studio anatazama mbele. Nataka apigwe amegeukia upande wa mama."